Mkunga Hakuagwa

Jumapili hiyo, mwaka 1949, Felicitas alikuwa ameketi uani kwake Temeke akimnyonyesha mwanawe Gaudens, wa siku nane. Moyoni alikuwa na jambo moja tu: huyu asife. Wa kwanza walimzika kwao Bukoba kabla hajaota jino. Ndiyo maana yeye na mumewe Revelian, karani wa mjini, walikuwa wamebishana wiki nzima nani amtunze mtoto: nesi wa zahanati mwenye mizani na kadi, au Bibi Mwanakombo, mkunga aliyeitwa mbio uchungu uliposhika ghafla, na ambaye tangu hapo alikuja kila asubuhi kumwogesha.

"Wanja na karafuu si dawa," Revelian alikata shauri. "Kesho zahanati. Bibi akija, usimfungulie. Atachoka mwenyewe."

Usimfungulie! Jamani, watu wa bara na kusoma kwao, lakini mambo mengine huulizwa wenyeji.

Mwanakombo akaja. Akapiga hodi mara tatu. Felicitas alijibanza nyuma ya mlango na mtoto kifuani, aibu imemjaa, maana bibi yule hakuwahi kumkosea. Bibi hakutukana.

"Haya, mwanangu," alisema kwa upole. "Nitajua pa kupitia."

Kesho yake nesi alimpima mtoto, akaandika kadi. "Maji ya uvuguvugu tu, mama. Usimpake kitu." Felicitas alirudi nyumbani amepumua.

Jumanne mchana alitoka kuanua nguo za mtoto. Aliporudi, Gaudens alikuwa ameoga. Nywele mbichi. Mwili unanukia karafuu. Kwenye paji la uso, doa la wanja.

Alitazama dirisha. Limefungwa. Na yeye mwenyewe alikuwa kambani, hatua tatu tu kutoka mlangoni.

Jumatano ikawa vilevile. Alhamisi pia. Mtoto sasa halii. Hanyonyi. Anatazama tu juu ya bega la mama yake, na pale nyuma hapana mtu.

Nesi alimweka kwenye mizani, akakunja uso. "Anapungua! Si nilikwambia usimpake wanja?"

"Si mimi, nesi."

"Basi nani?"

Felicitas aliondoka pale anachemka. Bibi mchawi yule, anaingiaje chumbani kwangu? Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake Mauwa, ambaye ndiye aliyemleta mkunga, akamkuta ndiyo kwanza anatua mzigo wa safari.

"Mauwa, mwambie Mwanakombo aache kumwosha mwanangu!"

Mauwa alimkazia macho. Sauti ikashuka.

"We Felicitas. Mie natoka Mbagala, msibani. Jumapili Mwanakombo alifika kwa mwanawe, akaanguka mlangoni. Jumatatu tukamzika."

Felicitas akakaa chini palepale.

"Hivi mlimuaga?" Mauwa aliuliza.

"Tulimfungia mlango."

"Toba! Mkunga hafukuzwi, mwenzangu, mkunga anaagwa. Unamkalisha mkekani, unampa doti yake ya kanga, naye anakuachia kwa kinywa chake. Asipotamka, kazi bado yake. Sasa kinywa chenyewe kiko mchangani!"

Hawakungoja. Alasiri ileile walishika njia ya Mbagala kwa miguu, Gaudens mgongoni, mwepesi hata mama yake akawa anageuka kumpapasa. Kaburini Felicitas alitandika doti mpya juu ya udongo, akapiga magoti.

"Shikamoo, bibi. Nimekosa. Nimekuja kukuaga. Niachie mwanangu. Nakusihi, niachie mwanangu."

Mara Gaudens akapiga chafya, akaangua kilio, akaanza kutafuta titi. Felicitas alilia naye, kwa furaha.

Wiki iliyofuata hakuna aliyemgusa mtoto. Mizani ikapanda, nesi akacheka, na Revelian akajigamba, "Unaona zahanati?" Felicitas akamwacha ajigambe.

Jumamosi mchana alijilaza kidogo kando ya mwanawe. Alipoamka, pumzi haikupita.

Tumbo lake lilikuwa limefungwa. Kitambaa cheupe cha bafta, kile kile cha sanda, toka kifuani hadi kiunoni, mzunguko juu ya mzunguko. Fundo limekazwa katikati ya mgongo, pasipofika mkono wake.

Mauwa alisikia ukelele, akaja mbio. Mlangoni akasimama. Hakuingia.

"Kaburini pale," alinong'ona, "ulimwomba akuachie nani?"

"Mwanangu."

Mauwa alijishika mdomo. "Mkunga hutunza watu wawili, Felicitas. Mtoto humwosha, mama humfunga tumbo. Siku arobaini."

Walikikata kwa kisu cha jikoni. Ndani ya kila mkunjo mlikuwa na mchanga mbichi, na Felicitas alianza kuhesabu kwa vidole siku tangu ajifungue. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa.