Twalib Ataja Nchi Yake

Kila asubuhi Kijakazi huwasha moto, hubandika uji, halafu hukaa akiutazama. Siku hizi huamka amechoka. Shamba la korosho linataka palizi. Watoto wanataka kula. Na mumewe, Twalib, yuko mahabusu ng'ambo ya mto Ruvuma, nchini Msumbiji.

Twalib ni fundi mwashi. Kazi zilipopungua kijijini kwao Milola, alisikia kuwa Msumbiji watu wanajenga. Akavuka mto kwa mtumbwi, bila pasipoti, kama walivyovuka wengi kabla yake. Alikuwa juu ya ukuta akipanga matofali polisi walipofika kuuliza vitambulisho. Hakuwa na chochote.

Askari mmoja alimwazima simu, Twalib akampa mkewe habari. Kijakazi alikwenda polisi Lindi. Walimsikiliza vizuri, kisha wakamwambia, "Mama, kule sisi hatuna mamlaka." Alirudi nyumbani miguu imevimba.

Alimkuta Bashiru, mdogo wake Twalib, amekaa barazani.

"Shemeji, mimi navuka," alisema Bashiru. "Napita palepale alipopita kaka. Nitazungumza na askari wao, watamwachia."

"Na wewe ukikamatwa?"

"Sitakamatwa," alisema Bashiru. Kijakazi hakuwa na nguvu ya kubishana. Alijitanda kanga yake, akaenda kwa jirani yao, Mama Stella, aliyekuwa ofisa wa uhamiaji mpakani kabla ya kustaafu. Bashiru akamfuata nyuma. Walimkuta anapeta ufuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, umechoka wewe."

Kijakazi alikaa, akaeleza yote. Mwisho akauliza, "Mama, serikali yetu inawaogopa hawa watu? Mbona haiendi kumchukua?"

Mama Stella aliweka ungo chini. "Askari wa Msumbiji wakija hapa Milola wakamchukua mtu wanayemtaka, tutakubali?"

"Tutakataa."

"Na wao wanakataa vilevile. Kila nchi ina mamlaka ndani ya mipaka yake, iwe kubwa au ndogo, tajiri au maskini. Askari wa nchi nyingine haingii bila ruhusa."

"Kwa hiyo mtu akivuka ndiyo amepotea?" aliuliza Bashiru.

"Hajapotea. Hakuna nchi inayoishi peke yake. Watu wanatembeleana, wanauziana, wanaoleana. Ndiyo maana nchi zinafunga mikataba. Mkataba ni makubaliano ya nchi na nchi. Upo unaosema mgeni akikamatwa, ana haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Msumbiji wameukubali, na sisi tumeukubali. Raia wao akikamatwa hapa, naye ana haki hiyohiyo."

"Ubalozi ndiyo nini, mama?" aliuliza Kijakazi.

"Ni ofisi ya nchi yetu ndani ya nchi nyingine. Wetu uko Maputo. Ofisa wake anaweza kumwona Twalib au kuzungumza naye, ajue kama anatendewa haki. Anaweza kumsaidia apate wakili na mkalimani. Kumtoa kwa nguvu hawezi. Sheria ya wenyeji inabaki sheria."

Kijakazi alifikiri. "Mbona basi ubalozi haujaambiwa?"

"Twalib aliwaambia yeye ni mtu wa wapi?"

Kijakazi aliinamisha uso. Twalib alikuwa amemweleza siku ile kwenye simu. Mama yake Twalib alikuwa Mmakonde, kabila lililo pande zote mbili za mto, na yeye Kimakonde anakijua sana. Kwa woga akawaambia polisi kuwa ni mwenyeji wa kulekule.

Mama Stella alishusha pumzi. "Basi kajifungia mlango mwenyewe. Wao wanaona mtu anayedai ni mwenyeji, na hakuna mwenyeji anayemjua. Lazima wamshuku. Na ubalozi utamsaidiaje mtu aliyeukana uraia wake?"

Siku ya pili Twalib alipiga simu tena. Kijakazi alimweleza aliyosema Mama Stella.

"Nikisema nilidanganya, si wataniongezea adhabu?" aliuliza Twalib.

"Sijui. Huenda. Lakini sasa hivi huna nchi, Twalib. Hakuna anayekutafuta ila mimi, na mimi nimechoka."

Twalib alisikika akimwomba askari dakika moja zaidi ya simu.

"Nitasema," alijibu.

Mama Stella aliwapeleka Kijakazi na Bashiru ofisi ya uhamiaji Lindi, wakiwa na cheti cha kuzaliwa cha Twalib na namba ya kitambulisho chake cha taifa. Kutoka hapo taarifa ilikwenda Wizara ya Mambo ya Nje, na wizara ikawasiliana na ubalozi. Bashiru hakutaja tena mtumbwi. Alishika jembe, akamsaidia shemeji yake palizi.

Kungoja kulikuwa kurefu. Palizi iliisha, wakaanza kupulizia mikorosho dawa, ndipo simu ikaja. Twalib alikuwa amefikishwa mahakamani. Kesi iliendeshwa kwa Kireno, lakini sasa alikuwapo mkalimani aliyetafutwa na ubalozi, na kwa mara ya kwanza alielewa anashtakiwa nini. Alikiri. Mahakama iliamuru arudishwe kwao, ikamwambia akitaka kazi tena, aje na kibali.

Walimkabidhi mpakani, kwenye daraja la Mtambaswala. Kijakazi alimwona anavuka polepole, shati limempwaya. Hakupiga vigelegele. Twalib alimtazama akasema, "Umekonda." Wakashikana mikono, wakakaa chini pembeni ya barabara.

Baada ya mavuno, Twalib na Bashiru walikwenda kuomba pasipoti. Mwenye nyumba aliyokuwa akiijenga kule Msumbiji bado alimhitaji fundi wake, akamshughulikia kibali cha kazi kwa serikali yake. Twalib aliondoka alfajiri, kwa njia ya darajani. Saa chache baadaye akapiga simu.

"Wamegonga muhuri," alisema. "Wameniuliza natoka wapi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema Tanzania, Lindi, Milola. Wakaniambia, pita."

Kijakazi aliweka simu, akatandika mkeka ndani, akajilaza. Alilala usingizi mzito mpaka adhana ya alasiri.