Makosa Kumi na Moja ya Tagi Nasira

Kabati la kioo lilikuwa limefungwa, kufuli liko mahali pake, na ndani hamna kitu. Vumbi jembamba tu lilibaki, limezunguka umbo la boti iliyokuwapo jana.

"Iliondoka kwa miguu yake?" aliuliza Mkaguzi Fikri Qandil.

"Ingeweza," alijibu Dkt. Nagati Lamlum bila kutabasamu. "Ina mashine kamili."

Huyu alikuwa mfamasia, na pia mwenyekiti wa klabu ya Port Said ya wajenzi wa modeli, yaani vyombo vidogo vya mfano. Miezi kumi na minne alikuwa ameinamia tagi Nasira, boti iliyovuta meli mferejini kwa miaka thelathini na minane kabla ya kukatwa kuwa vyuma chakavu. Kila sentimita ya modeli yake iliwakilisha sentimita sabini na mbili za tagi yenyewe. Maonyesho ya kushindania kombe la modeli yalikuwa kesho alasiri. Waaleksandria walikuwa wamechukua kombe miaka sita mfululizo, wakilipokea kila mwaka kwa ile adabu yao inayoudhi. Mwaka huu Port Said ilikuwa na Nasira.

Sajini Wagih alikuna shingo. "Afande, tumeacha jalada la pikipiki zilizoibwa kuja kutafuta kichezeo?"

"Kichezeo unacho wewe hapo kiunoni, Sajini," alisema Bi Insaf, mwalimu wa jiografia, mjenzi wa modeli za ndege. "Hiki ni chombo."

Wagih alilivuta shati lifunike bastola yake.

Qandil alikagua eneo la tukio. Kitasa cha mlango hakikuguswa na chuma. Wanachama walikuwa tisa, wote wamekusanyika hapo, na kila mmoja alikuwa na ufunguo wake wa mlango na wa kabati. Alama za vidole hazingesaidia, kwani hapakuwa na kitu chumbani ambacho wote tisa hawakukishika. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza. Mezani palikuwa na kamera ya bei mbaya na mashine mpya ya kupulizia rangi. Hakuna aliyezigusa.

"Kuna kingine kilichopotea?"

Daktari alipitisha kidole juu ya safu ya vichupa vya rangi. "Kimoja. Nyekundu ya Nasira. Niliichanganya mwenyewe, haiuzwi popote."

Qandil alikaa kwenye kiti. Mwizi wa kuuza hana haja na rangi. Rangi huchukuliwa na mtu mwenye kazi ya kufanya.

"Naomba mniambie," alisema, "hiyo modeli ina kosa gani?"

"Haina," alisema Daktari. Wengine wanane waliangalia dari.

Basi akawaita mmoja mmoja kwenye ghala la klabu, mlango ukafungwa, na mambo yakabadilika.

"Kamba za nyuma nene mno," alinong'ona wa kwanza. "Kwa kipimo kile zingekuwa nene kama paja langu."

"Dohani imelala nyuma. Kidogo, lakini imelala."

"Taa ya kulia. Ile si kijani ya taa, ni kijani ya mboga ya molokhia."

Bi Insaf alileta matatu, kayaandika kwenye karatasi. "Sisemi kwa ubaya, Afande. Na si mimi peke yangu. Fundi Gharib na Daktari hawasalimiani tangu Ramadhani kwa sababu ya ubavu wa kushoto. Muulize."

Daktari alipoitwa alishikilia kwamba haina kosa, kisha mlangoni akageuka. "Nanga. Moja imekaa vibaya. Lakini usimwambie mtu."

Hadi adhuhuri Qandil alikuwa na makosa kumi na moja. Hakuna hata moja lililohitaji rangi nyekundu. Wa mwisho aliingia Fundi Gharib, mchomeleaji mstaafu, mabega mapana, mikono imetulia magotini.

"Fundi, Nasira ina kosa gani?"

"Haina."

"Hata moja?"

"Hata moja, Afande. Daktari kafanya kazi ya mwanamume."

"Tagi yenyewe uliijua?"

"Miaka ishirini na miwili nilikuwa naitengeneza."

"Na huoni kosa?"

"Naona tagi yangu."

Qandil alimshukuru, akamwacha aende zake. Kisha akamgeukia Sajini. "Ni huyo."

"Huyo? Ndiye pekee aliyesifu."

"Ndiyo maana. Watu ambao hawajawahi kuikanyaga wana makosa kumi na moja. Anayeijua bolti kwa bolti hana hata moja? Tena ana ugomvi wa miezi juu ya ubavu wa kushoto. Kosa lake halipo kwa sababu ameshalisahihisha. Mwite Daktari, tunavuka."

Walivuka kwa kivuko hadi Port Fuad, alikokaa Gharib. Gharib mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Hakujifanya kushangaa.

"Karibuni. Chai ipo jikoni. Na Nasira naye yuko jikoni."

Nasira ilikuwa juu ya meza, kwenye gazeti, nzima, haina mkwaruzo. Ubavuni kushoto, karibu na pua, palikuwa na kitu ambacho jana hakikuwapo: kiraka cha bati, upana wa ukucha wa kidole gumba, chekundu kuliko wekundu uliokizunguka.

"Umeiharibu," alisema Daktari kwa sauti ndogo.

"Nimeimaliza."

"Fundi," alisema Qandil, "nakuonya kwamba utakalosema litaandikwa. Uliichukua wewe?"

"Mimi. Jana magharibi, kwa ufunguo wangu. Kesho alfajiri ningeirudisha."

"Kwa nini?"

Gharib alivuta kiti. "Mwaka mmoja meli ya ngano ilipoteza usukani, ikawa inakwenda kwenye kivuko. Kivuko kimejaa, watu wanatoka kazini. Nahodha wetu Rushdi akamwingiza Nasira katikati. Ubavu ukabonyea, sisi ndani tukadhani tumekwisha. Kivuko kikafika, watu wakashuka, kila mtu akaenda kula chakula chake. Nilikata bamba lililobonyea, nikachomelea kiraka hapohapo majini. Kesho yake Nasira alikuwa kazini."

"Nilimwomba picha," Daktari alimwambia Mkaguzi. "Klabuni hatujengi kitu bila picha. Mara tatu nilimwomba."

"Siku ile kila mwenye kamera alipiga meli ya ngano. Nani apige picha kiraka? Rushdi tumemzika msimu wa baridi uliopita. Nasira kakatwa vipande. Kesho watu watasoma kwenye kadi yako ya maonyesho 'kama alivyokuwa', na ubavu laini kama sahani. Basi siku ile itakuwa haikuwahi kuwapo." Akanyoosha mikono juu ya meza. "Pingu tia, Afande. Kiraka hakitoki."

Daktari alitoa kioo cha kukuzia mfukoni, akainama. Alikaa hivyo mpaka chai ikaanza kupoa.

"Umeweka hadi mshono wa kuchomelea."

"Kwa gundi na ncha ya sindano."

"Juu hapa umepinda."

"Ulipinda kweli. Mawimbi yalikuwa yanatutikisa."

Daktari akasogeza kioo kando. "Rangi imezidi kung'aa. Baada ya msimu mmoja wa chumvi ingefifia."

Gharib alifikiri. "Hapo umesema kweli."

"Basi lete brashi, ndugu yangu. Tunachelewa."

Vichwa viwili vyenye mvi vikainama juu ya ukucha mmoja wa bati. Qandil alishika kalamu juu ya fomu tupu, na fahari ikamjaa kifuani. Mji wake ulikuwa na watu wa namna hii, na hakuwa na safu ya kuliandika hilo.

"Daktari, malalamiko yako nifanyeje?"

"Malalamiko gani?" alisema Daktari bila kuinua kichwa.

Kesho yake alasiri mwamuzi wa Aleksandria alimulika Nasira kwa tochi, akafika ubavu wa kushoto, akasimama. Aliisoma kadi mara mbili, kisha akavua kofia yake. Kadi ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa Daktari: *Tagi Nasira. Mjenzi: Nagati Lamlum. Kiraka cha ubavu wa kushoto: Fundi Gharib, mara zote mbili.*