Filimbi Mbili, Faulo Moja

Flaviana alimmwagia Nyaga chai juu ya viatu vyake vyeupe, kwenye foleni ya usajili, siku ya mashindano ya kikapu ya Waafrika Mashariki pale Arlington, Texas, karibu na Dallas.

"Samahani, kaka!"

"Kaka tena? Aki nilikuwa nimeanza ku-smile."

Wote wawili walikuwa marefa. Flaviana Mtanzania, mfamasia wa hapohapo Arlington. Nyaga nesi, Mkenya mzaliwa wa Embu, makazi Pearland, karibu na Houston. Wakapendana, na kwa miezi minane saa nne za barabara kati yao hazikuwa kitu. "Umefika, mpenzi?" "Nimefika. Lala sasa, mrembo."

Jumapili ya fainali ya mashindano yaliyofuata, Houston dhidi ya Dallas, waliyopangiwa kuchezesha pamoja, Nyaga alifika amenyong'onyea, hana utani. Mlangoni, wanaume wawili wenye fulana nyekundu za Houston walimkagua Flaviana kichwa mpaka miguu. Salamu yake hawakuitikia.

Zikabaki sekunde sita, Houston nyuma kwa pointi moja. Mchezaji wao akaruka, akamvaa mlinzi aliyesimama wima, mpira ukazama. Filimbi mbili zikalia kwa pamoja. Flaviana, aliyekuwa chini ya goli, akaweka mkono nyuma ya kichwa: kosa la mshambuliaji. Nyaga, kule katikati, akashika kiuno: kosa la mlinzi.

Ukumbi ukanguruma. Wakasogeleana.

"Eneo langu hili. Umeona nini?"

"Niachie hii, Flavi. Tafadhali."

"Nimekuuliza umeona nini."

Nyaga akamwinamia sikioni. "Watu wa Houston wamenipigia simu asubuhi. Houston ikishindwa, watakutafuta wewe. Wanajua gari lako, hata namba ya nyumba."

Flaviana akatupa jicho jukwaani. Wale wa fulana nyekundu walikuwa wamesimama. Mmoja alikuwa akimpiga picha.

"Mlinzi alikuwa amesimama, au hakuwa amesimama?"

Nyaga akafumba macho. "Alikuwa amesimama."

Flaviana akaenda mezani, akatangaza: faulo ya mshambuliaji, goli halihesabiwi.

Chupa zikaanza kurushwa. Polisi mmoja akawatoa kwa mlango wa nyuma. Huko walikuta kioo cha gari la Flaviana kimevunjwa.

"Ningekuambia, bado ungekuja," Nyaga alisema.

"Ningekuja. Ila tungekuwa wawili. Leo umeniacha peke yangu uwanjani."

"Nisamehe. Nataka kukuoa, Flavi."

Flaviana alimshika mkono.

"Nitaolewa na wewe. Lakini kuchezesha pamoja, basi tena."

Kwenye kona ya maegesho gari jeusi lenye watu wawili wa fulana nyekundu liliwasha taa, likabaki palepale, likinguruma.