Alama Iliyofutwa

Kila asubuhi Houda alimsaidia mama yake, Zubeda, kupanga vitenge mezani katika soko la Jabe, kisha akakimbilia shuleni huku akimalizia andazi lake njiani. Siku za Jumanne na Alhamisi alikimbia zaidi, kwa kuwa ndizo zilikuwa siku za klabu ya kompyuta. Humo hakuwa na mpinzani. Madamu Irène alipoandika ubaoni 7 % 3, wenzake walikuna vichwa, lakini Houda alikwisha kuruka kitini.

"Inabaki moja, Madamu!"

Alijua kuwa katika C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, alama ile haina habari na asilimia. Huuliza tu ni kiasi gani kinabaki baada ya kugawanya. Madamu alimsifu, na Houda akaizoea sifa kama mtu anavyozoea sukari kwenye chai.

Basi muhula wa pili akaja Nella, msichana mpole kutoka Carama. Kwao hakukuwa na kompyuta, kwa hiyo aliandika programu zake daftarini kwa kalamu, kila mstari na namba yake, ndipo azinakili kwenye mashine za shule. Houda alimcheka kimoyomoyo. Kicheko hicho hakikumaliza wiki. Alhamisi moja Madamu aliandika 2 + 3 * 4, na Houda, kama kawaida yake, akawahi.

"Ishirini!"

"Apana," alisema Nella taratibu. "Ni kumi na ine, Madamu. Kuzidisha kunatangulia. Ungetaka ishirini, ungefungia mbili na tatu ndani ya mabano."

Darasa zima liliangua kicheko. Tangu siku hiyo Houda alimwonea gere. Nella akisifiwa, Houda aligeukia dirishani. Nella akikosea, alilala usingizi mtamu. Hata mwandiko mzuri wa yule mtoto ulimkera.

Kisha likaja jambo lililozidi yote. Shule ingepeleka mwanafunzi mmoja tu kwenye mashindano ya kompyuta ya shule za Bujumbura. Zubeda alikwisha kuwatangazia wauzaji wenzake kuwa binti yake ndiye atakayekwenda, na hakubaki hata mmoja sokoni ambaye hakuwa na habari hiyo. Lakini Madamu Irène alipozitazama programu zote, alimchagua Nella. Ijumaa, siku ya wazazi, Nella angeionyesha programu yake mbele ya mkuu wa shule, na mkuu akiridhika, safari ingekuwa yake.

"Kwa nini yeye?" Houda alijiuliza. "Mimi nina nini?" Hiyo ndiyo roho ya kwa nini, na ikikaa ndani ya mtu haimwachi apumzike.

Ijumaa adhuhuri, wengine walipotoka kupanga viti uani, Houda alibaki peke yake chumbani. Programu ya Nella ilikuwa wazi kwenye mashine ya mbele. Ilikuwa chemshabongo: mto upi unapita mjini Bujumbura? Moja, Ruvubu; mbili, Ntahangwa; tatu, Kagera. Houda alishuka kwa macho mpaka mstari wa kumi na nane: if (jibu == 2).

Madamu alikuwa amewafundisha vizuri. Alama mbili za sawa ni swali: je, jibu ni sawa na mbili? Alama moja ni amri: weka mbili ndani ya jibu! Tena amri hiyo ikitekelezwa hubaki na thamani ya mbili, na kwa lugha ya C kila thamani isiyo sifuri ni kweli. Ukifuta alama moja, kompyuta haiulizi tena. Kila anayejibu hupata.

Houda aliutazama mlango. Alibonyeza mara moja, alama ikatoweka. Akaifanya mashine iisome programu upya, nayo haikulalamika. Houda akatoka kama hakuna kitu.

Wazazi walipojaa chumbani, mkuu wa shule, Monsieur Sylvère, alikaa mbele ya mashine. Alikuwa mtu wa mzaha, akabonyeza tatu makusudi. Mashine ikaandika: Hongera, umepata!

"Ala! Kagera imehamia Bujumbura?" alisema. Akabonyeza moja. Hongera, umepata! Akabonyeza tisa, mto ambao haukuwepo kabisa. Hongera, umepata!

Watu walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Nella alisimama pale pale, daftari kifuani.

"Madamu Irène, huyu bado," alisema Monsieur Sylvère. "Mwingine ni nani?"

"Ni Houda, Monsieur."

Zubeda alipiga vigelegele. Houda alijisikia mrefu kuliko mlango. Muda si muda umeme ukakatika, skrini zote zikawa nyeusi, na wageni wakatoka uani kunywa fanta. Chumbani walibaki Madamu na wasichana wawili.

"Mi niliijaribu mara ine, Madamu," Nella alilia. "Mara ine, na ilikuwa muzuri!"

"Usilie. Sasa kosa liko wapi?" Madamu aliuliza, kama anayejiuliza mwenyewe.

Houda alikuwa na mazoea ya kuwahi, na mdomo ukawahi kuliko akili. "Mustari wa kumi na nane, Madamu. Kuna sawa moja, na zinatakiwa mbili."

Nella aliinua uso uliolowa. "Asante, dada Houda! Mi ningetafuta mpaka kesho." Akafungua daftari upesi, akaweka kidole kwenye mstari wa kumi na nane. Palikuwa na alama mbili, zimeandikwa kwa wino wa buluu, safi kabisa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Madamu aliangalia daftari, akaangalia skrini nyeusi, halafu akamwangalia Houda.

"Houda, hii programu uliisoma saa ngapi?"

Houda angeweza kuongopa. Lakini ile asante ya Nella ilikuwa inamchoma kuliko tusi. "Ni mimi, Madamu," alisema, na machozi yakamshuka. "Ile alama niliifuta mimi. Nilimwonea wivu."

"Mimi nimesikia," alijibu Madamu. "Lakini mwenzako amechekwa mbele ya watu. Nenda ukaseme mbele ya watu."

Ua ule haukuwa na hatua hamsini, ila kwa Houda ulikuwa safari. Alisema yote, sauti ikimkatika. Zubeda aliweka chupa yake chini na kufunika uso kwa mtandio. Hakuna aliyecheka. Monsieur Sylvère alimwomba Nella radhi kwa mzaha wake, akatangaza kuwa atakayekwenda mashindanoni ni Nella.

Umeme uliporudi, Nella hakumkumbatia Houda, wala hakumtukana. Alimvutia kiti tu. "Irudishe we mwenyewe," alisema.

Houda aliandika alama iliyokosekana. Nella akabonyeza tatu, na mashine ikajibu: Umekosa, jaribu tena. Wote wawili walishusha pumzi.

Madamu Irène aliweka mkono begani mwa Houda. "We ni mwerevu, mwanangu, hilo sikatai. Lakini sikiliza. Wivu ulikudanganya kwamba ukimpunguzia mwenzako, we utaongezeka. Unataka kumpita Nella? Soma, njia hiyo hakuna aliyeifunga. Ila ukifuta alama ya mwenzako, kwenye karatasi yako haiongezeki hata moja."