Kamera Iliyozima Saa Kumi na Moja

Kila jioni, saa kumi na moja, Ndwiga alivaa gambuti zake na kuingia katika zizi la mwalimu Karwirwa. Alikata nyasi kwa mashine, akamwekea ng'ombe chakula, kisha akaketi kukamua. Na kila jioni, saa hiyo hiyo, kamera ya zizi ilizima.

Siku hiyo ya Jumatatu Karwirwa alikuwa sebuleni karibu na dirisha, simu mkononi. Kwenye simu palikuwa na picha ya zizi: ng'ombe wake Makena, ndoo, na mlango wa mabati. Ghafla picha ikakwama. Skrini ikawa nyeusi, na maneno yakatokea: "Kamera haipatikani."

"Tena!" akasema peke yake.

Karwirwa alikuwa mwalimu mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja alifundisha watoto wa kijiji chao cha Kiirua kusoma na kuandika. Mtoto akiiba penseli, alijulikana kabla ya kengele ya saa nne. Mwalimu hakudanganywa kwa urahisi. Angalau ndivyo alivyojiamini.

Kamera ilinunuliwa na binti yake, Nelius, anayefanya kazi Nakuru. Mwaka uliopita mtamba wao aliibwa, ikabaki kamba tu. Karwirwa alilia kama aliyefiwa, maana mtamba yule alimlea kwa chupa tangu siku ya kwanza. Nelius akaapa kwamba jambo hilo halitatokea tena. Akaleta kamera ndogo nyeupe, akaifunga zizini, akaiunganisha na waifai ya nyumbani. Mama na binti wangeweza kuliona zizi wakati wowote kwenye simu zao. Lakini tangu wiki ya kwanza kamera haikutulia.

Simu ikalia. Alikuwa Nelius.

"Mama, umeona? Imezima tena."

"Nimeona."

"Na ni nani yuko huko ndani?"

Karwirwa akachungulia dirishani. "Ni Ndwiga."

"Jana Ndwiga. Juzi Ndwiga. Mama, huyo mtu anachomoa hiyo kamera. Kuna kitu hataki tuone. Labda hata anajua mtamba alienda wapi."

"Nelius! Ndwiga amekaa hapa miaka sita."

"Ndiyo maana anajua kila kitu ya hii boma. Mama, Jumamosi nakuja. Nimepata mtu mwingine wa kazi, nitakuja na yeye. Wewe mwambie Ndwiga polepole kwamba aende."

Karwirwa hakukubali. Lakini hakukataa pia, na hilo lilimsumbua usiku kucha.

Kabla ya kamera, saa ya kukamua ilikuwa saa ya mazungumzo. Karwirwa alibeba vikombe viwili vya chai hadi zizini, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ndwiga alimsimulia habari za kwao Runyenjes, za mama yake na majani chai yake, na za kwaya ya kanisa. Siku hizi Karwirwa aliweka kikombe kimoja kwenye ngazi ya jikoni, akarudi dirishani na simu yake. Ndwiga alichukua chai yake, akasema asante, akaenda. Hakuuliza kitu.

Jumanne asubuhi Karwirwa alikwenda sokoni kumwona Zuleka, fundi wa simu. Duka la Zuleka liko kando ya bucha ya baba yake, mzee Abubakr. Zamani Zuleka alikaa dawati la mbele katika darasa la Karwirwa, akiuliza maswali mpaka mwalimu anachoka.

"Shikamoo, mwalimu. Karibu. Simu imekufa?"

"Marahaba. Simu ni nzima. Nataka kujua kama mtu anaweza kuzima kamera bila kujulikana."

Zuleka akaweka bisibisi chini. "Anaweza. Lakini kamera pia inaweza kuzima yenyewe. Mimi huanza na kamera kabla ya kuanza na mtu. Inazima saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni."

"Na asubuhi?"

Asubuhi hakuwa akitazama. Asubuhi alikuwa na kuku wake.

"Inakaa muda gani kabla ya kurudi? Na ile taa yake ndogo, inakuwa rangi gani?"

Hayo pia hakuyajua. Mwalimu mzima alisimama pale kama mwanafunzi ambaye hakufanya kazi ya nyumbani. Zuleka alitaka kucheka, lakini adabu ikamzuia.

"Mwalimu, chukua daftari. Chora safu nne. Ya kwanza, saa iliyozima. Ya pili, saa iliyorudi. Ya tatu, ni nani alikuwa zizini. Ya nne, ni kitu gani kilikuwa kimechomekwa, kinatumia stima. Usikisie. Andika kile umeona na macho yako. Ijumaa nikitoka swala nitakuja nione."

Kazi ya daftari Karwirwa aliipenda. Jumanne jioni aliandika: kumi na moja na dakika kumi, kumi na moja na dakika hamsini, Ndwiga, mashine ya nyasi, taa. Jumatano asubuhi aliamka mapema ili atazame. Kamera ikazima saa kumi na mbili na robo. Akaandika tena: Ndwiga, mashine ya nyasi, taa. Jumatano jioni, hivyo hivyo. Alhamisi asubuhi, hivyo hivyo. Kila alipoandika jina la Ndwiga, moyo wake ulizidi kuwa mzito.

Alhamisi alasiri Ndwiga alikuja mlangoni, kofia mkononi.

"Mwalimu, leo naomba nitoke mapema. Tuko na mazoezi ya kwaya. Nyasi nimeleta, iko karibu na mashine. Nitarudi nikamue saa moja."

"Enda tu," akasema Karwirwa.

Na tuseme ukweli: alifurahi. Leo Ndwiga hayupo, kwa hivyo kamera haitazima, na mambo yatajulikana. Saa kumi na moja aliingia zizini mwenyewe, simu ndani ya mfuko wa aproni. Akaona gambuti za Ndwiga zimeoshwa zikatakata, zimetundikwa ukutani. Chini yake palikuwa na mkoba wake wa nguo, umefungwa zipu. Kumbe Ndwiga alikuwa amejua kwamba kazi yake iko hatarini. Huenda alisikia maneno ya simu dirishani.

Karwirwa akawasha mashine. Ikanguruma. Taa ya zizi ikafifia, kisha ikarudi. Alikata nyasi yote, akamlisha Makena, akapangusa mikono. Ndipo akatoa simu.

"Kamera haipatikani."

Akainua macho. Kamera ilikuwa pale pale juu ya nguzo. Taa yake ndogo ilikuwa nyekundu, ikiwaka na kuzima. Hakuna aliyeigusa. Zizini walikuwa yeye na ng'ombe tu.

Akafungua daftari. Kwenye safu ya tatu, chini ya Ndwiga, Ndwiga, Ndwiga, Ndwiga, mkono wake ukaandika: Mimi.

Ijumaa Zuleka alikuja na mkoba wa vifaa. Alisoma daftari akiwa amesimama uani.

"Mwalimu, safu ya tatu imebadilika. Safu ya nne haijabadilika hata mara moja. Ni mashine, mashine, mashine. Niitie Ndwiga atuwashie."

Ndwiga akaja, akawasha. Taa ya zizi ikafifia. Taa ya kamera ikazima kabisa, kisha ikawaka nyekundu.

"Zima," akasema Zuleka. "Mmeona? Hii waya moja ya ekstensheni kutoka nyumbani inabeba mashine, taa na kamera. Mota ikianza, inavuta stima nyingi kwa ghafla. Inayobaki ni dhaifu. Taa inafifia tu, lakini kamera inazima, halafu inaanza upya. Ndwiga, shika hii waya. Polepole."

Ndwiga akagusa, akaondoa mkono haraka. "Iko moto!"

"Hii ni waya ya taa na simu. Si ya mota. Na iko karibu na nyasi kavu. Siku moja ingewachomea zizi na ng'ombe ndani."

Karwirwa akasogeza nyasi mbali na waya. Alikuwa akimlinda Makena na wezi, na hatari yenyewe alikuwa ameichomeka yeye kwa mkono wake.

"Lakini kamera ikianza upya, mbona inachukua zaidi ya nusu saa kurudi?" akauliza.

"Hilo ni swali la pili. Jibu liko sebuleni. Ruta yako ya waifai iko wapi?"

Karwirwa akawapeleka kwenye kabati la vyombo. Ruta ilikuwa rafu ya chini, nyuma ya sinia za chuma na vikombe vya wageni. Juu yake palikuwa na kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, chenye maua pembeni.

"Inakaa vizuri hapo," akasema. "Haipati vumbi."

Hapo Zuleka alishindwa. Alicheka, na Ndwiga naye akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo.

"Mwalimu, mimi nikikuita nikiwa ndani ya kabati, nyuma ya masinia, na kitambaa mdomoni, utanisikia ukiwa zizini? Hii ruta inaongea na kamera kupitia hewani. Chuma inazuia. Kuta zinapunguza. Na zizi lako ni la mabati. Kwa hivyo kamera ikizima, inaanza kuitafuta ruta, inasikia kidogo tu, inapoteza, inatafuta tena."

"Basi tuhamishe kila kitu!"

"Hapana. Kimoja kimoja. Tukibadilisha vitu vitatu pamoja, hatutajua ni kipi kimetusaidia."

Kwanza Zuleka alileta kamera sebuleni, akaichomeka karibu na ruta. Taa ikawa ya buluu kabla ya dakika moja kuisha. "Kamera ni nzima. Usinunue ingine." Kisha akairudisha zizini, akaitazama kwenye simu: alama ya mtandao ilikuwa mstari mmoja. Akatoa kitambaa na kuhamisha ruta hadi kwenye kizingiti cha dirisha linalotazama zizi, juu, pasipo na kitu mbele yake. Mistari ikawa mitatu.

Mwisho akachukua waya mwingine, akauchomeka kwenye soketi ya jikoni, akaupitisha chini ya paa pasipofikiwa na mvua. Huo ukawa wa kamera peke yake.

"Ndwiga, washa mashine. Dakika moja tu, ya kujaribu."

Mashine ikanguruma. Wote watatu waliinamia simu. Picha haikukwama. Makena alionekana akitafuna kama kawaida yake, bila haraka.

"Sasa mwalimu, mambo mawili," akasema Zuleka. "Mashine isiwashwe tena mpaka umwite fundi wa stima mwenye leseni. Aivutie waya nene yake, na swichi yake. Kwa sasa mkate nyasi na panga. Na paswadi ya kamera bado ni ile ilikuja nayo kwa boksi. Badilisha leo. Mtu mwingine akiijua, ataona boma lako kuliko wewe."

Zuleka alipoondoka, Ndwiga alibaki amesimama uani. Alikuwa akitazama kamera.

"Kwa hivyo ilikuwa mashine," akasema polepole. "Mwalimu, mlidhani ni mimi."

Karwirwa alijua maneno mengi ya kufunika jambo. Hakuyatumia. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Ndiyo. Nilidhani ni wewe. Miaka sita, na sikukuuliza hata mara moja. Nilikukosea, Ndwiga. Nisamehe."

Ndwiga aligeuza kofia mikononi. "Ningeambiwa, ningesema taa inafifia nikiwasha mashine. Niliiona kila siku. Lakini hakuna mtu aliniuliza."

"Utabaki?"

Ndwiga akavaa kofia yake. "Nitabaki. Kamera ikae, ni nzuri, wezi wapo. Lakini isiniangalie mimi nikikamua. Iangalie lango. Mwizi hupitia lango."

Karwirwa akaleta ngazi mwenyewe. Ndwiga akapanda, akaigeuza kamera mpaka lango lote likaonekana, na kipande cha barabara.

Saa kumi na moja jioni Karwirwa alichemsha chai. Alijaza vikombe viwili, akavuka ua. Akapindua ndoo, akaketi. Gambuti hazikuwa ukutani tena. Ndwiga alikuwa amezivaa, ameegemeza kichwa ubavuni mwa Makena, maziwa yakilia ndani ya ndoo.

"Kwaya iliimba vizuri?" akauliza Karwirwa.

"Sauti ya nne bado ni shida, mwalimu. Wanaume hawaji."

Simu ikalia ndani ya aproni. Alikuwa Nelius.

"Mama! Saa kumi na moja imepita na haijazima! Picha ni safi kabisa. Lakini naona lango tu. Mbona sioni ng'ombe?"

"Ng'ombe tuko naye hapa," akasema Karwirwa. "Mimi na Ndwiga. Kesho ukija, yule mtu mwingine mwache. Njoo peke yako, mwanangu. Kuna neno utamwambia Ndwiga, na si la kusema kwa simu."

Akairudisha simu mfukoni, akamsogezea Ndwiga chai yake kabla haijapoa.