Msafara wa Mama Fuso

Agar aliitambua sauti kabla ya kumwona mwenyewe. Alikuwa ameingia katika duka la simu karibu na soko kuu la Butembo, mfuko wa vitenge begani, akitafuta kioo kipya cha simu yake. Watu walijaa hadi mlangoni: wachuuzi, waendesha pikipiki wenye makoti ya mvua, mama mmoja akibishania betri. Katikati ya kelele hizo kijana mrefu alikaa kwenye kigoda, simu mikononi, akiongea taratibu kama mchungaji anayetangaza ndoa.

"Bote musimame. Réseau ya Sadrack imekatika. Muweke magari pembeni, tunamungoja."

Sauti hiyo Agar alikuwa ameisikiliza kwenye simu karibu kila Jumamosi kwa mwaka mzima, akiwa kwao Beni. Akasogea mbele ya kigoda.

"Kamanda, Sadrack hata réseau ikirudi atateleza ku kona ya kwanza. Anapitishaka spidi."

Kijana aliinua macho. Mbele yake alisimama msichana mwenye kitenge cha kijani kilichoshonwa kikamkaa sawasawa, kilemba cha rangi hiyo hiyo, na macho yasiyoogopa mtu.

"Sadrack unamujulia wapi?"

"Si mimi njo namuvutaka mu matope?"

"Hapana. Mwenye anamuvutaka ni Mama Fuso. Na Mama Fuso ni mama muzima, iko na bajukuu."

"Nani alikuambia?"

"Vile anaandikaka. Anatugombeza sana."

"Basi musalimie Mama Fuso," Agar akasema, akimpa mkono. "Mimi njo bibi mwenyewe."

Watu wa dukani walicheka. Kamanda alisahau msafara wake. Malori yakabaki yamesimama njiani, na Sadrack alipopata mtandao hakupata wa kumwongoza.

Msafara huo ulianza wakati wa corona, shule zilipofungwa. Josaphat, ndilo jina halisi la Kamanda, na rafiki zake wa mtaa wa Furu walikuwa na mchezo wa kuendesha malori kwenye simu, ambao watu wengi huweza kuucheza pamoja kwa intaneti. Barabara za mchezo zilikuwa za Ulaya, laini, bila shimo. Zikawachosha. Josaphat, ambaye kazi yake ni kuwachorea wajenzi plan za nyumba, akajifunza kuchora barabara ndani ya mchezo. Alianza na mteremko wa kwao, akaendelea hadi Beni, mashimo yote yakiwa mahali pake. Habari ikaenea. Waliingia watu wa Beni, Lubero na Alimbongo. Kisha waliohama zamani, walioko Kampala, Nairobi, hata Ubelgiji, waliotamani tu kupiga honi tena kwenye njia ya nyumbani. Walipeana pole za msiba na majina ya watoto waliozaliwa. Na sheria ilikuwa moja: msafara hauachi mtu. Mtandao wa mmoja ukikatika, wote wanaegesha na kungoja.

Tangu siku ile ya dukani, Josaphat alipiga simu Beni kila jioni.

"Mama Fuso, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Sijakula. Nawaza."

"Basi kula kwanza, chéri. Mwenye njaa hawazi muzuri."

Agar alishona nguo katika atelier yake ndogo huku simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega, na wateja wakajifunza kusubiri. Josaphat alishuka Beni akaja na viazi vya Lubero. Agar alipanda Butembo akaja na shati alilomshonea bila kumpima, likamtosha. Josaphat akamruhusu pia kugusa kazi yake: barabara ilipoanza kuendelea kaskazini ya Beni, alimwambia aongeze anachokijua.

Agar aliongeza nyumba moja, ya matofali, veranda ya nguzo mbili, mlango wa buluu na mparachichi ubavuni. Ilikuwa nyumba yao. Baba yake, Mzee Lusenge, aliijenga kwa miaka ya kuendesha Fuso, na vita vikawatoa humo usiku mmoja na mashuka begani. Tangu hapo mzee hakushika usukani. Lakini Jumamosi alikaa kando ya binti yake, miwani puani, akitazama lori likipanda kilima hadi mbele ya mlango wa buluu. Hapo alisema, "Zima moteur," nao wakakaa wakiutazama. Josaphat hakujua hayo. Agar hakumwambia, alidhani jambo la wazi namna hiyo haliambiwi.

Jumamosi moja lori lilipanda kilima likakuta majani. Nyumba haikuwepo, wala mparachichi. Mzee Lusenge alivua miwani, akainuka, akaenda kukaa nje ya ua akiwapa watu mgongo.

Agar alipiga simu palepale.

"Nyumba yenye mlango wa buluu. Nani aliiondosha?"

"Ni mimi," Josaphat alijibu, bila wasiwasi. "Nilipata picha mupya ya satellite. Pale hakuna kitu, ni majani. Plan inaonyesha kile kiko, chérie."

"Sisi tulijua haiko. Si sisi njo tulikimbia?"

"Ilikuwa ya kwenu?"

"Hukuuliza."

"Na wewe hukuniambia, Agar."

Agar alikata simu. Akatoka katika kundi, akazuia namba ya Josaphat. Wiki nzima alishona suruali za shule kwa hasira, mishono ikatoka mizuri kuliko kawaida. Moyoni alijisemea: mwanaume anayefuta nyumba ya watu bila kubisha hodi, siku moja atanifuta na mimi.

Jumamosi iliyofuata rafiki yake Kanyere, aliyecheza pia, alikuja atelier na simu yake.

"Angalia."

Kwenye kioo malori yalikuwa yamepangwa pembeni mwa barabara, mstari mrefu usioonekana mwisho, taa zimewaka. Hakuna lililosogea.

"Kuna mwenye réseau yake imekatika?" Agar aliuliza.

"Ni wewe. Sadrack alisema bila Mama Fuso hatembei. Bale ba Ubelgiji bakasema vilevile. Kamanda mwenyewe njo alizima wa kwanza."

Agar alitazama muda mrefu. Kisha akarudi kwenye cherehani. "Baba yangu hakuumizwa na magari," akasema. "Umuambie Kamanda hivyo."

Josaphat aliambiwa. Jumatatu asubuhi alipanda pikipiki, kompyuta yake mgongoni, akashuka Beni vumbi jekundu likiwa limempa rangi ya tofali. Hakwenda atelier. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Lusenge, akapiga goti moja.

"Tata, niliondosha nyumba yako sikuuliza. Nakuomba pardon."

Mzee alimtazama. "Wewe njo unachoraka?"

"Ndiyo, Tata."

"Veranda ulikuwa umeichora ndogo."

"Ni Agar aliichora."

"Basi alikosea. Alikuwa mutoto. Leta ile machine."

Agar aliporudi kula mchana alikuta vichwa viwili vimeinama juu ya kompyuta. "Hapana, mlango ulifungukia inje," baba yake alikuwa akisema. "Na jiko lilikuwa huku, mama ya Agar hakupenda moshi." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa amri kwa utingo wake, sauti ambayo Agar hakuwa ameisikia tangu walipokimbia. Alimwekea Josaphat maji ya kunawa na bugali, akampa kipande kikubwa cha samaki wa Kyavinyonge. Josaphat akaelewa.

Jumapili, baada ya ibada, msafara mzima ulipanda kilima. Aliyeshika simu safari hii ni Mzee Lusenge mwenyewe, vidole vyake vinene vikikosea na kurudi. Malori yakajaa uani, mengine yamepakia mbuzi, yakapiga honi hadi jirani akachungulia.

Agar na Josaphat walisimama nje, kivulini mwa ukuta.

"Nyumba bado haiko," Agar alisema.

"Haiko. Lakini sasa najua vile ilikuwa, kila tofali." Alifuta jasho. "Nataka kuleta batonton, bajomba yangu, kwenu kukuposa. Unakubali?"

"Nitakaa Beni. Atelier yangu siiachi."

"Beni kuna joto."

"Utazoea. Na kila kitu utaniuliza mbele ya kukifuta."

"Nitauliza."

"Basi balete."

Dirishani Mzee Lusenge, ambaye hakuwa kiziwi, alisema bila kuinua macho kwenye simu: "Na bakuye na mbuzi za kweli. Hizi za mu telephone sizijui."

Walikuja mwezi uliofuata kwa lori, wajomba na mbuzi pamoja. Mzee aliwazunguka mbuzi wale, akawashika pembe na meno, akafika kwa dereva. Akamwomba ufunguo, alirudishe lori mwenyewe barabarani.