Mvue Uso Wangu

— Zima hiyo simu.

— Ngazi, dada yangu, subiri kidogo. Nimebakiza chumba kimoja tu hapa.

— Nimesema zima!

Dereva wa gari la zimamoto akainua macho. Ngazi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha mapumziko, buti zinachuruzika maji, kofia ya kazi mkononi. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu kikosi kizima hakikuwa na mtu wa kupanda ngazi kwa kasi kama yeye, awe mwanamume au mwanamke. Lakini sasa hivi miguu ilikuwa imemgandia, ameikodolea macho simu ya dereva kama aliyeona nyoka kitandani.

— Hiyo sauti umeitoa wapi?

— Sauti gani tena? Si gemu la shemeji hili! Limetoka leo asubuhi, watu hawali wala hawanywi, wanalicheza. Ina maana yeye mwenyewe hajakuonyesha?

— Rudisha nyuma. Nisikie tena.

Dereva akacheka, akabonyeza. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na jengo linaloungua. Wanaume wanne wakapita katikati ya moshi, wamevaa vilevile wanavyovaa wao kazini: makoti mazito, mitungi ya hewa mgongoni, barakoa, glavu. Nyuma yao akaja mwanamke. Koti lake halikuwa na kifungo hata kimoja, na ndani ya koti hamkuwa na shati. Kaptula aliyovaa, Mungu atusitiri, kitambaa chake kisingetosha kushonea mfuko wa suruali. Na kila alipopanda ngazi, picha ilimfuata kwa chini.

Uso ulikuwa wa Ngazi. Hata kovu la juu ya nyusi ya kushoto, alilolipata siku alipoangukiwa na kigae, lilikuwepo mahali pake.

Yule mwanamke akajikwaa, akamwangukia mmoja wa wale wanaume kifuani, akawa anahema. Kisha akasema kwa sauti ya kukatikakatika:

"Usiniache."

Mzimaji mmoja aliyekuwa amejilaza kwenye benchi akapiga mluzi.

— Kumbe ndivyo unavyohema, Ngazi! Na sisi hapa tunakuita kamanda!

— Shemeji anafaidi, jamani!

Wakacheka mpaka wakapigana makofi ya mgongo. Mkuu wa kikosi peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa anakunywa chai kwenye kona. Akaiweka chini taratibu.

— Nyamazeni, — akasema. — Ngazi, hiyo si ya siku ile? Ya yule bibi wa ghorofa ya tatu?

Ngazi akatikisa kichwa kukubali.

Kicheko kikakatika kama bomba lililofungwa. Kila mmoja mle ndani aliikumbuka siku ile.

Mchumba wa Ngazi alikuwa mchoraji wa magemu. Alikuja kituoni na maneno matamu: anatengeneza gemu la wazima moto, na humo anataka mwanamke shujaa wa kweli. "Nataka watoto wa kike wakuone wewe, mpenzi wangu," alimwambia mbele ya kikosi kizima, na mkuu akampa ruhusa. Akampiga picha Ngazi akipanda, akivuta mpira wa maji, akiburuta yule mdoli mzito wa mazoezi. Akambandika kipaza sauti kidogo kwenye kola ya koti ili kuchukua pumzi za kazi. Wakiwa katikati ya mazoezi, kengele ikalia. Ngazi akarukia gari, kipaza sauti kiko kwenye kola, amekisahau.

Huko ghorofa ya tatu akamkuta bibi mmoja. Akavua barakoa yake mwenyewe akamvisha. Akambeba. Na pale kwenye ngazi, kabla hawajafika chini, bibi wa watu akakata roho mikononi mwake.

Jioni alipomrudishia mchumba wake kile kipaza sauti, alimlilia begani mpaka shati likalowa. "Pole, mpenzi," mchumba alisema, akampapasa mgongo. Ni hapo Ngazi alipojiambia: huyu ndiye wangu.

Akatoka nje ya chumba cha mapumziko, akapiga simu.

— Mpenzi! Umeliona? Hapa simu hazikatiki! Bosi anaruka kama mtoto…

— Njoo kwa mama.

— Sasa hivi? Kuna sherehe ofisini, mama watoto wangu mtarajiwa, wewe ndiye ungekuja hu—

— Njoo na kompyuta yako. Na ile rekodi uliyonirekodi, uje nayo yote.

— Rekodi ipi?

— Unaijua.

Akakata.

Mama yake Ngazi alikuwa mjane, mtu wa sala, na mtu wa maneno machache. Gauni la harusi lilikuwa limetundikwa kwenye mlango wa kabati, limefunikwa nailoni. Kadi zilikwishasambazwa, hadi za majirani. Mchoraji alipoingia alivua viatu mlangoni, akatabasamu.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Kaa.

Siku zote mama alimwita "mwanangu". Siku hiyo hakumwita kitu.

Ngazi alikuwa bado na sare za kazi. Akaweka simu mezani, gemu limesimama pale pale kwenye ile kaptula.

— Huyu ni nani?

— Ni… ni mhusika tu, mpenzi. Nimeazima sura yako kidogo. Ni heshima hiyo! Wengine wanaandikiwa nyimbo.

— Wanaume wanne wamevaa mpaka glavu. Mimi mbona niko uchi?

— Hauko uchi. Na si wewe. Ni soko, elewa. Wachezaji wanapenda…

— Moto wao na wangu ni tofauti?

— Ni gemu, jamani! Mle hakuna anayeungua!

— Basi wavue na wao.

Mama akakohoa. Ilikuwa kama kicheko, lakini cha mtu asiyefurahi.

— Wavue, — mama akasema. — Si hakuna anayeungua?

— Mama, wewe mambo haya huyajui. Mimi nilimchora na koti kamili, Mungu ni shahidi. Ni bosi. Bosi ndiye aliyesema avuliwe. Nimegombana naye weee, nimeshindwa. Nina kazi ya kulinda.

— Bosi ndiye aliyesema?

— Ndiyo.

— Sawa, — akasema Ngazi. Akachukua simu yake.

— Unampigia nani? Mpenzi, unampigia nani?

Simu ikaita. Ngazi akaifungulia spika, akaiweka juu ya kitambaa cha meza. Bosi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kicheko, na namba yake Ngazi alikuwa nayo tangu alipopiga kuwapongeza kwa uchumba.

— Bibi harusi! Au niseme nyota wetu! Kwanza nikuvulie kofia, mwenzangu. Mimi nisingethubutu.

— Kuthubutu nini, bosi?

— Kuchorwa vile! Mimi nilimwambia mchumba wako, huyu ni askari, mvalishe. Akaniambia wewe mwenyewe umependa, eti ukasema umechoka kuonekana kama gunia. Nikasema basi, mwenye mwili kakubali, mimi ni nani. Na ile sauti, loo! Mpaka niliona aibu kuisikiliza. Akanieleza mlijirekodi nyumbani, mkiwa wawili mnataniana.

Mama akafumba macho. Midomo yake ikawa inatembea bila sauti.

Mchoraji alikuwa anaangalia miguu yake, soksi moja ina tundu kwenye kidole.

— Bosi, — Ngazi akasema. — Mimi sikupenda na sikuulizwa. Na ile sauti nilikuwa kazini. Nilikuwa nimebeba mtu anakata roho.

Upande wa pili muziki wa sherehe ulisikika kwa mbali. Kisha mtu akauzima.

— Unasema nini?

— Umesikia.

— Mchumba wako yuko wapi?

— Yuko hapa. Anakusikia.

— Wewe! — bosi akasema, na kile kicheko chote kilikuwa kimekauka. — Hiyo sauti naiondoa leo, kwa mkono wangu. Kesho ukifika, usiguse kiti chako. Njoo kwangu kwanza.

Simu ikakatika.

— Umeona? — mchoraji akaruka juu. — Umeona ulichofanya? Umeniharibia! Siku yangu ya kwanza ya kuheshimika duniani, unaniharibia!

— Kaa chini.

— Sikujua, sawa? Naapa kwa Mungu sikujua kama ni ya yule bibi! Rekodi ni ndefu, nikachukua pumzi hapa na pale, nikasikia neno limekaa vizuri, nikalikata. Ni hivyo tu!

— Usimtaje Mungu humu ndani, — mama akasema. — Umemtaja mara mbili. Inatosha.

— Fungua rekodi, — Ngazi akasema.

— Ya nini sasa? Ya nini kujiumiza?

— Fungua.

Mchoraji akafungua kompyuta. Chumba kikajaa vishindo vya buti kwenye ngazi. Kikohozi. Moto unaunguruma kwa nyuma kama upepo kwenye mabati. Kisha sauti ya Ngazi, imekauka kwa moshi: "Shika shingo yangu, bibi. Hivyo hivyo. Vuta hewa. Usiogope." Halafu kuhema, kuhema kwa mtu aliyebeba mwili mzima wa mwenzake. Halafu:

"Usiniache, bibi. Bibi… Mungu wangu, mpokee."

Halafu kilio. Mchoraji akanyoosha mkono kuzima, Ngazi akaushika mkono huo akaurudisha mezani. Wakasikiliza mpaka mwisho.

— Nilisemaje pale?

— Mpenzi…

— Nilisemaje?

— "Usiniache, bibi."

— Na kwenye gemu nasemaje?

Mchoraji akatazama mlango.

— Sema. Mbele ya mama yangu.

— "Usiniache."

— "Bibi" amekwenda wapi?

Nje mtu alikuwa anafagia uwanja, ufagio unakwenda na kurudi.

— Kama hukujua ni ya nani, — Ngazi akasema, — hilo neno ulilikata la nini?

Mtu asiyekuwa na jibu hutafuta tusi. Mchoraji akasimama.

— Haya! Nilijua! Sasa? Bibi mwenyewe kafa, hasikii! Wewe je? Unajua nilivyokuchukua? Mwanamke ananuka moshi mpaka kwenye nywele, mikono kama fundi wa magari! Nani alikuwa anakugeukia barabarani? Mimi nimekufanya utamaniwe! Leo wanakutamani watu ambao hata hukuwahi kuwaota!

Maneno yalipotoka, yeye mwenyewe yakamshtua. Akaanza kuyafukuza kwa mikono.

— Sikumaanisha hivyo. Nina hasira tu. Mpenzi, sikumaanisha.

— Ulimaanisha, — Ngazi akasema polepole. — Ulikuwa unakuja pale kituoni kila siku, unasimama chini ya ngazi unaniangalia. Mimi nikawa nazidi kwenda juu, nakuringishia. Nikidhani unaniona. Kumbe ulikuwa unanivua.

— Nitambadilisha! Leo leo! Nitamvalisha koti, suruali, kila kitu. Tutasahau. Kadi zimeshatoka, watu watasema nini?

Mama akainuka. Mchoraji akadhani anakuja kumtetea, maana mama ni mama, akageuza uso kumwelekea. Mama akampita. Akaenda mpaka mlangoni, akainama kwa shida ya magoti, akachukua viatu vya mchoraji na kuvigeuza. Ncha zikaangalia nje.

— Kadi nitazizungukia mwenyewe, — akasema. — Nyumba kwa nyumba. Mdomo ninao.

— Mama, nakuomba…

— Bibi wa watu alikufa akishika shingo ya mwanangu. Wewe umeuchukua ule wakati ukaufanya mambo ya kitandani. Sikulaani, baba. Kwa mdomo huu nasali, silaani. Ila kwangu usirudi.

Mchoraji akavaa viatu bila kufunga kamba. Kwenye ngazi za nje akajikwaa, lakini hakuna aliyecheka.

Gauni lilirudi dukani, nailoni yake haijafunguliwa.

Kituoni watu walimkwepa Ngazi kwa macho kwa muda. Dereva akamletea chai bila kuombwa, akasema kwa kuibia, "Lile dude nimelifuta, dada." Yule wa mluzi alipoosha buti zake, za Ngazi akaziosha kwanza. Ngazi alimwona. Hakumshukuru.

Bosi alituma ujumbe: "Sauti nimeiondoa. Ofisini kwangu huyo bwana kabakiza kazi moja tu, kukuvalisha, kisha aende."

Meseji ya mchoraji ikaja siku hiyo hiyo, wakiwa wanakagua mitungi ya hewa.

"Mpenzi, nimemvalisha. Nimelia nikimchora. Angalia tu, halafu uniambie kama mtu anayeweza kuchora hivi hastahili kusamehewa. Bado nakupenda."

Chini yake picha. Ngazi akaikuza kwa vidole viwili. Koti lilikuwa zito, la kweli, limefungwa mpaka kidevuni. Buti sawa. Glavu sawa. Mtungi umekaa mgongoni mahali pake, mkanda umekazwa. Kazi ilikuwa nzuri, na roho ilimuuma kuona kwamba alikuwa anajua kuchora hivi tangu mwanzo. Nyuma ya kioo cha barakoa, kovu juu ya nyusi ya kushoto, alikuwa yeye bado, anamwangalia.

Akaandika:

"Umemvisha koti. Sasa mvue uso wangu."

Akatuma. Akaifungia ile namba.

Kengele ikalia. Wenzake wakakimbia, dereva tayari ameshawasha gari.

— Ngazi! Ghorofa ya pili, kuna watu ndani!

Akalichukua koti kwenye msumari. Akalifunga vifungo vyote, kimoja kimoja, huku anakimbia, cha mwisho kikamkaba kidogo shingoni kama kawaida yake. Akapanda.